Bwana Sawa na Ubani wa Kaisari

Mara ya tatu mkono wa Baba Pacha ukaenda wenyewe. Liwali wa Kirumi alimtazama kwa upole, akamwambia, "Mzee wangu, ni ubani kidogo tu. Tia motoni, urudi nyumbani kwa watoto wako." Baba Pacha alitakiwa, kama Mkristo asiyemwabudu Kaisari, akatae mbele ya liwali na mbele ya kamera mbili. Akachota ubani kwa vidole viwili, akautia motoni, akasema, "Sawa, mkuu." Kisha akashukuru.

Mwongozaji wa mchezo akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba maneno ya kusema yalikuwa humo. Alikuwa kijana mpole, lakini jua kali lilikuwa limeshaingia kwenye machimbo ya mawe walikoigizia na Wakristo ishirini walikuwa wamesimama tangu asubuhi wakiogopa ndoo nyekundu iliyotundikwa kwenye mti mrefu. Ndoo ile ndiyo ilikuwa simba. Simba wenyewe wangetiwa baadaye kwa kompyuta.

Mama Pacha alikuwa amekaa juu ya jiwe kando, pini mdomoni, akikunja upindo wa shuka ambayo kesho yake ingekuwa vazi la mtu mkubwa wa Roma. Kampuni ya televisheni ilimpa kazi ya kushona, na ilipomwona mumewe akimletea mkasi aliousahau, ikampa na yeye kazi. Walisema ana uso. Mama Pacha alikuwa ameishi na uso ule miaka kumi na tisa asijue una kazi, lakini alipoambiwa kwamba anayetamka neno hulipwa mara nne ya anayesimama tu, aliutazama upya akakubali kuwa, kweli, ni uso wa mtu aliyeonewa akasamehe kabla hajaombwa radhi.

Tabu ni kwamba uso ulikuwa na mwenyewe. Kule shuleni, alikokuwa mtunza stoo, walimu walimwita Bwana Sawa. Ukimwambia hamisha magunia kutoka kushoto kwenda kulia, sawa. Ukirudi saa sita ukamwambia yarudishe, sawa. Hata muuza sabuni wa kupitapita alikuwa akianzia siku yake kwao, apate bahati njema.

Mwongozaji alimwita Mama Pacha pembeni, akamweleza kwamba Alhamisi saa nne asubuhi wangerudia kipande kile kwa mara ya mwisho. Mzee akishindwa, mwongozaji atatumia alichonacho kwenye kamera, na hadithi itabidi iende njia nyingine. Mama Pacha akatoa pini mdomoni, akauliza siku mbili zinatosha kumfundisha mtu kukataa. Kijana akasema hajui, hajaoa.

*

Mazoezi yalianza jioni hiyo hiyo, uani. Jiko la mkaa likawa madhabahu ya Kaisari, chumvi ikawa ubani, na pacha, mabinti wa kidato cha pili, wakawa askari, mmoja na mwiko, mwingine na fagio. Mama Pacha mwenyewe akawa liwali. Hakuhitaji kujifunza.

"Tia ubani."

"Sitatia," akasema Baba Pacha, akautia.

Kwenye ngazi ya mlango alikuwa amekaa mpishi wa shule, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa mabati, amepumzika kabla ya kurudi kupika chakula cha jioni. Alijitangaza kuwa dada wa Baba Pacha siku ya kwanza walipokutana kazini, na tangu hapo akajipa haki zote za wifi, ikiwemo ya kuonja mchuzi kabla ya mwenye sufuria.

"Wifi, unamkosea," akasema. "Unamtisha, na kutishwa ameshazoea. Mbembeleze. Kaka yangu huyu huanguka kwa kubembelezwa."

Mama Pacha akajibu kwamba kama ni hivyo, kaka yake alikuwa na bahati ya kuoa mahali asipoanguka hata kidogo. Pacha wakacheka, askari wakakosa nidhamu, jiko likakaribia kupinduka.

Lakini akafuata ushauri. Siku mbili zile alimbembeleza kwa kila kitu, na sharti lilikuwa akatae. Mume wangu, niletee maji. Hapana. Baba, nipishe kiti. Hapana. Siku ya kwanza alikataa maji kisha akayaleta kwa siri, akaweka ndoo nyuma ya mlango. Siku ya pili mchana alikataa, akakaa. Mama Pacha akaenda bombani mwenyewe na ndoo kichwani, akiwaza kwamba elimu ni ghali.

Mpishi hakucheka sana siku hiyo ya pili. Jumamosi iliyopita wanafunzi arobaini waliugua matumbo baada ya chakula cha jioni, wawili wakalazwa zahanati, na ijapokuwa wote walishapona, kila aliyepita mbele ya jiko lake alimtazama kama mtungi wa sumu. Alisema maharage yalikuja yameshaota ukungu. Alimwambia mtunza stoo, mtunza stoo akaandika kwenye daftari la stoo na kumwambia mkuu wa shule, mkuu akasema yapikwe tu, yachemke vizuri. Aliyeyaleta alikuwa shemeji wa mkuu. Sasa daftari lenyewe mkuu alikuwa ameliazima, na halikuwa limerudi.

"Litarudi," akasema Baba Pacha.

"Kaka," akasema mpishi, "kuna vitu hata wewe huviamini."

*

Mkuu wa shule alikuja mwenyewe saa kumi na moja, Jumatano, na karatasi ndani ya bahasha. Mama Pacha alifuta kiti kizuri kwa upindo wa khanga, kisha akakumbuka kwamba mguu mmoja wa kiti hicho umefungwa kwa waya, akakihamisha kwa haraka, akaleta kingine, ambacho kilikuwa na sare za wanafunzi juu yake, akazikumbatia zote asijue pa kuziweka. Mkuu alisimama akisubiri, akitabasamu, akitazama dari.

"Nyumba hii inataka rangi," akasema. "Tutaangalia."

Ilikuwa nyumba ya shule. Vyumba vitatu, maji karibu, na chumba cha mbele chenye dirisha pana ambapo cherehani ilipata mwanga mpaka jioni. Mabinti walisoma hapo hapo kwa nusu ya ada. Mama Pacha alielewa kwamba rangi haikuwa rangi.

Mkuu hakukaa sana kwenye salamu. Kamati ya shule ingekutana kesho saa nne kuhusu ugonjwa ule, na alitaka mambo yaende kwa amani. Akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba mtunza stoo alipokea maharage yakiwa mazima, na kwamba mpishi aliyalaza yaliyopikwa usiku kucha bila kuyafunika. Pale chini palikuwa na mstari.

"Hakuna atakayefungwa," akasema. "Mpishi atapumzika, atapata kazi kwingine, ana mikono mizuri. Ni sahihi tu, mzee wangu. Tia hapa, kila mtu alale."

Mama Pacha alimfikiria mpishi, kwa haki yake. Alimfikiria kwa muda wa kuvuka chumba. Kisha akafungua mtoto wa meza ya cherehani, akapekua kati ya chaki na vifungo, akapata kalamu, akaijaribu kwenye kiganja kama inaandika, akampa mumewe.

Baba Pacha alisoma karatasi mara mbili. Aliweka kalamu juu ya magoti.

"Sawa, mkuu," akasema. "Nimekuelewa. Lakini hii sitaisaini."

Mama Pacha akacheka kidogo, kicheko cha mwenye wageni.

"Baba Pacha, haya si mazoezi."

"Mazoezi ya nini?" mkuu akauliza.

Ikambidi aeleze. Aliyasikia maneno yakimtoka: ubani, chumvi, Kaisari, mwiko, ndoo ya simba. Kila neno lilikuwa la kipuuzi kuliko lililotangulia, na mkuu alisikiliza yote kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mtoto wa jirani akisoma shairi. Alipomaliza, mkuu alicheka kwa ukunjufu, akamgeukia mumewe, akasema hongera, anaigiza vizuri, sasa atie sahihi.

"Najua si mazoezi, mama," Baba Pacha akamwambia mkewe. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuomba chumvi mezani. "Maharage yalikuwa yameoza. Niliyashika kwa mkono huu."

Mkuu aliacha chai aliyoletewa imejaa. Mlangoni akasema, bila hasira, kwamba nyumba ni ya mtunza stoo, na stoo haiwezi kuwa na mtunzaji asiyeelewana na ofisi. Kabla jua halijazama mlinzi wa getini alileta barua, akaikabidhi kwa mikono miwili kama ya msiba. Siku kumi na nne za kuhama.

*

Mama Pacha hakupiga kelele. Mabinti wangefurahi kama angepiga, maana walijua jinsi ya kukaa ndani ya kelele zake. Alikunja sare moja baada ya nyingine, akaongea na sare.

Alimuuliza mumewe kama anajua kodi ya chumba kimoja mjini. Anajua. Kama anajua ada kamili ya watoto wawili. Anajua. Kama anafikiri mpishi, angekuwa yeye, angemkingia kifua.

"Sijui," akasema. "Pengine."

"Pengine. Miaka kumi na tisa umesema sawa kwa kila kiumbe chenye miguu miwili. Ndugu zako wakachukua shamba, sawa. Wakakuhamisha ofisi ukakaa stoo na panya, sawa. Leo, siku moja iliyotakiwa useme sawa, ndipo umepata ulimi. Nilikufundisha ukatae ubani, Baba Pacha. Sikukufundisha ukatae nyumba."

Pacha mmoja akainua macho kwenye kitabu alichokishika juu chini.

"Shamba lilikuwa langu kulitoa," akasema Baba Pacha. "Na ofisi. Mpishi si wangu."

Mama Pacha aliweka sare chini. Alikuwa mwanamke wa majibu, hata mchinjaji nyama alimpimia haraka ili aondoke nayo. Safari hii akamwambia mumewe kwamba kesho, kamati au hakuna kamati, atakwenda machimboni saa nne, atakataa kwa Kaisari ambaye hana nyumba ya kuwanyang'anya, na atarudi na malipo, kwa sababu malipo yale sasa ndiyo kodi ya mwezi wa kwanza. Baba Pacha akasema sawa. Akalala usingizi mzuri, jambo lililomkera zaidi mkewe.

Asubuhi alimpigia pasi kanzu ya Mkristo, akaikunja ndani ya mfuko, akamsukuma nje saa mbili. Yeye alifuata baadaye na mavazi ya Warumi begani. Saa nne kasorobo alifika machimboni. Liwali alikuwa amekaa kwenye kiti cha enzi anakula karanga. Wakristo walikuwa tayari. Ndoo nyekundu ilikuwa tayari. Mumewe hakuwepo, na juu ya jiwe lake la siku zote ulikuwa umewekwa mfuko, kanzu ndani yake imekunjwa vile vile. Mwongozaji akasema mzee alipita asubuhi, akaomba radhi kwa heshima sana, akasema ana shughuli.

Mama Pacha aliweka Warumi chini, akaanza kukimbia.

*

Alikimbia akiwa na nia moja tu: kumtoa mle ndani kabla hajafungua mdomo, kumrudisha machimboni, na huko mbele Mungu anajua. Alifika ofisi ya shule jasho linamtiririka, pini bado zimechomekwa kifuani kama nishani. Nje, kwenye benchi, alikuwa mpishi, mkoba juu ya magoti, mikono juu ya mkoba. Hawakusalimiana. Mpishi alisogea kidogo, ampishe nafasi ya kukaa, na Mama Pacha hakukaa.

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Kamati ilikuwa watu watano, na mwenyekiti alikuwa mama mmoja muuza mbao, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baba Pacha alikuwa amesimama mbele yao, kofia mkononi. Inaonekana alikwisha kusema aliyokuwa nayo, na hayakuwa mengi.

Mkuu wa shule ndiye aliyekuwa anaongea, kwa sauti ya huruma. Alisema wote wanamfahamu mzee huyu. Ni mtu mwema. Lakini ni mtu wa kukubali chochote anachoambiwa na yeyote, hata jina lake la utani linasema hivyo, na mpishi humwita kaka, hushinda nyumbani kwake. Amemwambia sema maharage yameoza, naye akasema sawa. Ndivyo alivyo. Wajumbe wawili wakatabasamu. Mmoja akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayelifunga jambo. Baba Pacha aliitazama kofia yake, na uso ule uliotafutwa na televisheni ukawa tayari kusamehe.

Mama Pacha aliona lile. Alijua kwamba mkuu amesema kweli tupu, kila neno, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameyasema jana usoni pa mumewe. Na akajua kwamba yalikuwa uongo.

"Naomba kusema," akasema mlangoni.

Mwenyekiti akauliza yeye ni nani.

"Mimi ni mke wake. Mkuu amesema kweli, mume wangu hajui kukataa. Miaka kumi na tisa namuomba anikatalie hata kitu kimoja nijue niko na mtu ndani. Jana mkuu alikuja nyumbani na karatasi, akamwambia atie sahihi kwamba maharage yalikuwa mazima. Alimwambia kwa upole, na mume wangu huanguka kwa upole. Nikamwambia na mimi." Huko nje benchi lililia kidogo. "Kalamu nilimpa mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu naitaka nyumba. Mkuu wake anamwambia, mkewe anamwambia, akakataa. Sasa mniambie, hapa duniani amebaki nani wa kumshawishi? Mtu huyu akisema hapana, basi hayo maharage yalikuwa yameoza mpaka yanaongea."

Mjumbe mmoja alikohoa ili asicheke. Mwenyekiti alirekebisha miwani, akamuuliza mkuu, kama mtu anayeuliza bei ya mbao, gunia lililobaki liko wapi, walitazame.

Mkuu akasema lilitupwa.

"Na nani?"

Kwa amri ya ofisi.

"Mazima hayo hayo," akasema mwenyekiti, "mkayatupa." Akaandika kitu. Akaomba aletewe daftari la stoo, na akasema watasubiri, kwa kuwa leo hana mteja.

*

Daftari lilipatikana, na ukungu wa maharage umeandikwa humo. Mpishi alibaki jikoni kwake. Mkuu wa shule naye alibaki ofisini kwake, maana watu wa namna yake huandikiwa onyo na kulitia kwenye faili. Shemeji yake tu ndiye hakuleta tena maharage. Barua ya nyumba haikufutwa. Ilisogezwa mpaka mwisho wa muhula, kisha stoo itapata mtunzaji mwingine. Kwa hiyo Jumapili ya mwisho ya muhula, mchezo uliporushwa hewani, saa tisa alasiri, televisheni ilikuwa imekaa juu ya sanduku lililokwisha kufungwa kamba, na majirani walioalikwa walikaa juu ya marobota ya vyombo.

Mwongozaji alitumia alichonacho. Wakristo wakapita mmoja mmoja mbele ya liwali, wakakataa, wakapelekwa kwa simba, ambao sasa walikuwa na meno na manyoya. Kisha ukaja uso wa Baba Pacha, umejaa kioo chote, uso wa mtu wa kufa kwa ajili ya imani, na watu wakanyamaza. Liwali akambembeleza. Mkono ukachota ubani, ukautia motoni. Sawa, mkuu. Akashukuru. Sauti nzito ya msimulizi ikasema kwamba si wote waliokuwa na moyo. Wapo waliouza wenzao kwa amani ya siku moja.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mlinzi wa getini alijipiga mapaja, akasema, "Mzee, ungekuwa wewe zamani zile, leo tusingekuwa na kanisa hata moja." Baba Pacha akacheka nao mpaka machozi, akakiri kwamba kweli, ubani ulikuwa umewekwa karibu mno. Mpishi peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa chini karibu na miguu yake, akamenya chungwa, akaligawa, akampa yeye kipande cha kwanza bila kumtazama.

Mama Pacha alifungua mdomo awaeleze wote, akaufunga. Badala yake akatangaza kwamba nyumba imepatikana, vyumba viwili nyuma ya duka la mbao la mwenyekiti, mwanga wa kutosha kwa cherehani, bei ya kuongeleka. Kasoro ni paa, linavuja upande mmoja wa kitanda.

"Upande gani?" pacha mmoja akauliza.

"Wa baba yenu."

"Hapana," akasema Baba Pacha.

Alilisema taratibu, macho bado kwenye televisheni, akitafuna chungwa. Watu wakageuka. Mama Pacha akashika kiuno, akamtazama toka utosini mpaka vidoleni, na akaelewa kwamba kuanzia siku hiyo, ndani ya nyumba yake, mambo yatakuwa yanajadiliwa.